Unga wa Bwana Nafuu

Mama yake Futi alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na kitu, na baridi yabisi ilimkamata pale pale alipokuwa akipatia riziki, vidoleni. Ilianza kwenye vifundo vya mkono wa kulia, ikahamia wa kushoto, ikashuka magotini, hadi ikafika asubuhi anashindwa kufungua kizibo cha chupa ya maji. Viungo vilimvimba vikawa vya moto, ngozi imevutika inang'aa. Mwaka wa nne wa ugonjwa, cherehani ikafunikwa shuka. Mama akahamia kwenye kochi, na kutoka kwenye kochi akaendesha nyumba nzima kwa mdomo, kwa sababu mdomo, alisema, ndicho kiungo pekee ambacho hakijavimba.

Futi lilikuwa jina la utani. Binti huyo alipewa utotoni kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila ule utepe wa kupimia wa mama yake shingoni, akipima meza, akipima paka, akimpima mdogo wake usingizini. Alipokua akaajiriwa kupima kweli. Alikuwa fundi wa maabara kwenye jengo moja la ghorofa mbili ambako watu walitafuta, ndani ya mimea, kitu cha kutuliza uvimbe.

Mti wao ulikuwa mmoja. Watu wengi walichemsha gome lake wakanywa kwa ajili ya viungo, na maabara ilitaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya gome hilo kinachofanya kazi, kama kipo. Futi alikausha magome, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akavukiza spiriti mpaka kile kilichobaki kikawa lami ya kahawia. Lami hiyo walipewa panya ambao nyayo zao zilivimbishwa kwa sindano, naye akapima unene wa unyayo baada ya saa moja, saa tatu, saa sita. Kundi jingine la panya lilipewa dawa inayojulikana ya kutuliza uvimbe, steroidi, kutoka kwenye boksi jeupe la rafu ya juu, ili kulinganisha. Huo ulikuwa mwaka wake wa sita wa kazi hiyo. Gome lilipunguza uvimbe kwa theluthi moja, mara nyingine halikupunguza kabisa, na gome la masika halikufanana na gome la kiangazi.

"Panya wameamkaje?" mama alimuuliza kila akirudi kazini.

"Wameamka, Mama."

"Basi waambie na mimi nataka kuamka."

Walikuwa wakicheka. Lakini kulikuwa na siku Futi alimkuta mama ameinama anajaribu kuchana nywele zake mwenyewe, kitana kimemwanguka, machozi yanamtoka kimya kimya, na siku hizo hakuna aliyetania. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu vikamchoma tumbo. Akaandikiwa aende kwa daktari bingwa wa viungo, na orodha ya kumwona ilikuwa ya miezi mingi. Walingoja. Mama alipungua akawa mwepesi kiasi kwamba mwanawe wa kiume, mdogo wake Futi, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, alimbeba kwenda bafuni kwa mkono mmoja.

Halafu ikaja siku ambayo Futi alifika mlangoni akasikia cherehani.

Alisimama na funguo mkononi. Aliijua ile sauti tangu tumboni. Akaingia, akamkuta mama amekaa kwenye kiti chake dirishani, miguu inakanyaga, kitambaa kinatembea chini ya sindano.

"Mama! Nani amekuinua?"

"Miguu yangu," mama akasema bila kugeuka. "Na Bwana Nafuu."

Bwana Nafuu alikuwa muuza dawa za miti mwenye kibanda nyuma ya soko la nguo. Jirani ndiye aliyemletea mama kopo la unga wake wa kahawia: kijiko kimoja kila asubuhi, kwenye maji ya vuguvugu. Siku ya tatu vidole vilikunjika. Siku ya kumi mama alitembea hadi dukani na kurudi, akimsalimia kila mtu, hata wale aliokuwa amekosana nao.

Futi alilia siku ile, na kilio chake kilikuwa cha furaha. Wivu pia ulikuwepo, asingekana. Miaka sita ya panya, na mtu wa kibandani kamshinda kwa kopo moja. Lakini chini ya wivu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, tumaini. Huenda mti uliokuwa unatafutwa ndio huo. Huenda siku moja angempelekea mkuu wa maabara gome la Bwana Nafuu na kumwambia, tulikuwa tunachimba shamba la jirani, dhahabu iko hapa.

"Nigawie kijiko nikapime," akamwomba mama.

"Ukapime nini? Kipimo si huyu hapa anashona?"

Futi akaacha. Hilo lilikuja kumtafuna baadaye, kwamba aliacha. Miezi mitano ilipita. Uso wa mama ulijaa, ukawa wa duara kama sahani, na watu wakasema amenawiri. Akawa na njaa isiyoisha. Akijigonga kidogo tu kwenye kona ya meza, ngozi ilibaki na doa la zambarau. Jeraha la sindano kwenye kidole gumba lilikaa wiki tatu bila kufunga. Futi aliyaona yote hayo. Kila moja, peke yake, alilitafutia maelezo: anakula vizuri sasa, ni umri, ni maji ya kufulia. Mtu akiona kitu asichotaka kukiona, akili humwazima visingizio bila riba.

Mwishowe aliiba. Mama akiwa bafuni, alichota unga kijiko kimoja akautia kwenye kikopo cha pilipili manga.

Pale maabara walikuwa na njia rahisi. Unatonesha tone la dawa karibu na ukingo wa chini wa kioo kilichopakwa unga mweupe, unakisimamisha kwenye kimiminika, kimiminika kinapanda na kubeba kila kitu hadi kiwango chake, kisha unatazama madoa chini ya taa ya zambarau. Futi alitonesha unga wa Bwana Nafuu, akatonesha gome lao, na pembeni, kwa mazoea tu, akatonesha ile steroidi ya boksi jeupe.

Mwenzake wa meza, mwanaume mtaratibu aliyekuwa karibu kustaafu, alikuja kuangalia naye. Unga wa Bwana Nafuu ulikuwa na madoa hafifu ya magome, mengi, ya kawaida. Katikati yake kulikuwa na doa moja zito, jeusi. Lilikuwa mstari mmoja na doa la steroidi.

"Hiki hakijatoka kwenye mti," yule mzee akasema. "Hakuna mti duniani unaokipika hiki. Kimetoka kiwandani, mtu akakisaga akakichanganya."

Futi alirudia mara mbili. Doa halikusogea.

Hakuaga mtu. Aliingia nyumbani adhuhuri akiwa bado na koti la maabara, akapita moja kwa moja jikoni, akachukua kopo. Mama alikuwa dirishani anapinda sare za shule, rundo zima la bluu limemzunguka miguuni.

"Unafanya nini na dawa yangu?"

"Siyo dawa, Mama. Umedanganywa. Ni vidonge vya hospitali vimesagwa, vingi kupita kiasi! Ndiyo maana uso umevimba, ndiyo maana kidonda hakiponi. Vinakuua!"

Akaumimina unga wote kwenye sinki na kufungulia bomba. Mama aliinuka, akatembea kwa hizo hatua zake mpya hadi mlango wa jikoni, akafika maji yanazunguka, kahawia, yanaingia kwenye tundu. Alitazama mpaka yakawa meupe.

"Umenimwagia miguu yangu," akasema.

Hawakuzungumza tena siku hiyo. Futi alijiona mkweli aliyechukiwa kwa ukweli wake, na kuna raha fulani chungu katika kujiona hivyo. Kesho yake maumivu yalirudi, yote kwa pamoja, na mama hakutoka kitandani. Futi alikuwa ameyategemea. Akampa vidonge vya maumivu, akamwachia uji. Siku ya pili uji ulikuwa pale pale. Mama amesusa, akawaza. Siku ya tatu mama alitapika, akasema kichwa kinazunguka, akasema amechoka, amechoka hata kushika shuka. Futi akamwambia mdogo wake ni tumbo tu limechafuka, akaenda kazini.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, mdogo wake akampigia.

"Dada, Mama hanijibu. Macho yako wazi lakini hanijibu."

Alimkuta hospitali, kitanda cha kwanza baada ya mlango wa dharura. Mdogo wake alikuwa amembeba mikononi hadi barabarani, bado amevaa ovaroli lake lenye matundu ya cheche. Ndala moja ya mama ilikuwa imepotea njiani, na ile nyingine alimkabidhi Futi kama mtu anayekabidhi funguo. Daktari wa zamu, dada mwembamba mwenye sauti ya haraka, alikuwa akifunga kipimo cha presha kwa mara ya pili kwa kuwa hakuiamini ile ya kwanza.

"Presha iko chini sana. Sukari iko chini. Anatumia dawa gani?"

"Hakuna," mdogo wake akasema. "Mitishamba tu, na siku hizi ameacha."

"Ameacha lini?"

Hapo ndipo Futi alipoelewa. Hakuelewa polepole. Aliliona boksi jeupe la rafu ya juu, na maandishi mekundu ubavuni ambayo alikuwa ameyasoma kila Jumatatu kwa miaka sita anapopima dozi ya panya: *Usiache ghafla baada ya kutumia kwa muda mrefu.* Alikuwa ameyasoma hadi yakawa kama rangi ya boksi.

"Steroidi," akasema. "Unga ulikuwa na steroidi. Miezi mitano, kila siku. Nimeumwaga siku nne zilizopita. Mimi ndiye niliyeumwaga."

Daktari hakumtazama hata. Aligeuka akaita sindano kwa jina, akaita dripu, na watu wakaanza kukimbia.

Kwenye korido hapakuwa na kiti. Futi alisimama ukutani na ndala kifuani. Mdogo wake alienda hadi mwisho wa korido akarudi, akaenda akarudi, kisha akasimama mbele yake.

"Sina shule kama yako," akasema taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi nachoma vyuma. Lakini hicho kitu, wewe si ndiyo unakipima kila siku?"

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Sikukumbuka."

"Kuna tofauti gani, Dada?"

Futi alitamani mdogo wake amtukane. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na koti lake jeupe. Alijaribu kuomba, akagundua kila dua inaanzia kwenye neno lile lile, *nilimwaga*, na haiendi mbele. Mlangoni muuguzi alitoka, akaingia, akatoka tena, na kila alipotoka Futi alimsoma uso kama anavyosoma kioo chini ya taa, na uso ule haukuwa na doa lolote la kusomeka.

Ilikuwa alasiri daktari alipowaita. Presha ilikuwa imeanza kupanda.

"Mwili una kiwanda chake," akawaeleza. "Kuna tezi mbili juu ya figo, zinatengeneza kitu kama hicho zenyewe, kidogo kidogo kila asubuhi. Ukiletewa kingi kutoka nje kwa miezi, kiwanda kinafungwa. Ukikatiwa cha nje ghafla, huna cha nje wala cha ndani. Tutampa, halafu tutapunguza polepole sana, pengine mwaka." Akamgeukia Futi. "Huo unga, wangapi wengine wanakunywa?"

Futi alikuwa hajafikiria mtu mwingine yeyote.

Mama alifungua macho jioni ile. Alimtazama mwanawe wa kiume, akamgusa shavu. Alimtazama Futi, kisha akageuza uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata Futi alienda nyuma ya soko la nguo. Alitegemea kumkuta tapeli mwenye pete na maneno ya asali. Alimkuta mzee mnene aliyeketi kwenye kigoda, ameweka goti juu ya debe, na watu saba wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu, wote nyuso za duara. Ukiambiwa ni ndugu wa tumbo moja ungekubali.

Alimvuta pembeni, akamwambia kila kitu. Bwana Nafuu alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Binti yangu," akasema, "magome nabandua mwenyewe, kwa panga langu. Ule wa kuongezea nguvu naletewa na jamaa wa gari. Aliniambia ni utomvu wa mti wa mbali, umekaushwa. Nilijaribu kwanza mwilini mwangu. Magoti haya yalikuwa yamekufa." Akapandisha mkono wa shati. Mkono mzima ulikuwa madoa ya zambarau. "Mimi mwenyewe nakunywa. Ningekunywa sumu nikijua?"

"Usiache leo, Baba," Futi akamwambia. Aliyasikia maneno yake mwenyewe na hakuamini ni nani anayemwambia nani nini. "Wala hawa wasiache leo. Wapeleke hospitali kwanza, nitawapeleka mimi. Waendelee mpaka wapewe dozi ya kweli. Tafadhali."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema kesho atawakusanya wote. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa yameshatoka kwenye mazungumzo. Yalikuwa yanatazama njia, kama mtu anayesubiri gari la polisi.

Siku ya pili kibanda kilikuwa kitupu. Alikuwa amehama na kila kitu, makopo, kinu, hata pazia. Benchi tu ndilo lililobaki, kwa kuwa lilikuwa limechimbiwa ardhini.

Wagonjwa wake wakaja. Walikuja na makopo yao matupu, wengine wakishikwa mkono, na kwenye kibanda wakamkuta mwanamke aliyekonda ana daftari, anawaambia mambo ya tezi na figo. Hawakumwelewa. Waliomwelewa walikasirika.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfukuza?" akauliza dereva mmoja mstaafu, anatetemeka kwa hasira na kwa ugonjwa. "Alitupa usingizi. Wewe umetuletea nini? Karatasi?"

"Nimewaletea barua ya daktari. Twende sasa hivi, baba, nakuomba."

"Hospitali nilikaa miaka mitatu kwenye orodha yenu!"

Akaondoka zake. Wanne tu ndio waliokubali siku ile. Daktari alikuwa amepiga simu ofisi inayosimamia dawa, wakaja watu wawili, wakakwangua unga uliobaki kwenye mbao, wakaandika, wakaondoka. Futi alibaki. Aliomba ruhusa kazini, akawa anakaa pale tangu asubuhi hadi soko linapofungwa, na anapotoka pale anakwenda wodini kukaa karibu na mgongo wa mama yake, maana uso hakupewa.

Siku ya tano alikuja kijana wa kike na kopo lililooshwa vizuri. Lilikuwa la bibi yake, aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Hakuja kununua.

"Aliishiwa siku ile ile kibanda kilipofungwa," akasema. "Alitapika siku mbili. Tulijua ni chakula. Tumemzika jana." Akalikalisha kopo kwenye benchi. "Nimeambiwa kuna mtu hapa anajua kwa nini."

Futi akamweleza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kumweleza mtu kwa ufasaha, hatua kwa hatua, jinsi bibi yake alivyokufa, na kwamba kufungwa kwa kibanda kulitokana na yeye. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Aliinuka akaenda, akaliacha kopo, na Futi akakaa nalo mapajani mpaka watu wa soko wakaanza kufagia.

Jioni ile, wodini, aliusimulia mgongo wa mama yake yote hayo. Hakutaka kusamehewa. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Kisha mama, bado anatazama ukuta, akauliza:

"Wamebaki wangapi?"

"Sijui. Bwana Nafuu hakuandika. Mimi nina majina kumi na tisa kwa kuulizia."

"Na hawakusikilizi."

"Hawanisikilizi."

"Wakusikilize kwa nini? Unaongea kama maandishi ya boksi." Mama akajigeuza, taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine, akikunja uso. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu sinki. "Ungeniambia kwanza, Futi. Mimi ni mtu mzima. Ungenikalisha ukaniambia, nisingekunywa hata kijiko kingine bila kukuuliza. Ulininyang'anya kama mtoto aliyeokota wembe."

"Najua, Mama."

"Hujui. Lakini utajua." Akanyoosha mkono, vidole vimeshaanza kuvimba tena, akamshika kifundo cha mkono. "Nikitoka hapa nipeleke kibandani."

Walimruhusu siku mbili baadaye, na vidonge vidogo kwenye karatasi, vikiwa vimeandikwa wiki kwa wiki jinsi vitakavyopungua, na nafasi ya daktari bingwa ambayo yule daktari wa zamu alikuwa ameipigania kwa simu. Mdogo wake Futi alimleta mama sokoni kwa toroli la kubebea vyuma, amelitandika mto, mama akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kupelekwa sokoni kama bati.

Akaketi kwenye benchi. Walipokuja, hakuwaambia habari za tezi. Aliwaonyesha uso wake, akavua kanga begani akaonyesha madoa, akawaambia alivyolala siku nne anajiona anazama na hana nguvu ya kuita. "Huyu hapa ni mwanangu," alisema. "Yeye ndiye aliyenimwagia, na kidogo aniue. Sasa anawaambia ninyi msimwage. Msikilizeni, ameshajifunza kwa mwili wangu." Watu walimtazama Futi, na Futi hakuinamisha macho, ingawa kila mara ilikuwa kama kuvuliwa nguo hadharani.

Siku hiyo watu kumi na mmoja walikwenda hospitali. Kesho yake watano. Majina mawili hawakuyapata kabisa, na Bwana Nafuu mwenyewe hawakumpata. Futi aliuliza habari zake kwa miezi, kwenye kila soko alilopita.

Siku ya tatu, karibu na saa ya kufunga, alirudi yule dereva mstaafu. Alikuja akijishikilia ukutani, midomo imekauka. Mama akampisha kwenye benchi kwa kujisogeza kwa viganja, kwa sababu magoti yalikuwa yameshakataa.

"Mama," dereva akasema, "sema kweli. Nikienda huko wanipunguzie, maumivu si yatarudi?"

"Yatarudi," mama akasema. "Yangu yamerudi tangu alfajiri."

Dereva akafumba macho. Futi alikuwa ameshainuka kuita teksi.

"Mshike mkono huu," mama akamwambia binti yake, akimwonyesha. "Ule mwingine unamuuma."